Florence Nightingale na dirisha la chumba cha mtoto

Mzazi akiniletea mtoto anayekohoa wiki nenda wiki rudi, humuuliza maswali ya kawaida: homa, chanjo, pumu katika ukoo. Kisha namuuliza jingine: dirisha la chumba anacholala mtoto linatazama wapi? Wengi hunishangaa. Swali hilo si langu. Lina zaidi ya miaka 160, na aliyelifundisha ni Florence Nightingale, muuguzi ambaye wengi wetu tunamkumbuka kwa taa yake tu. Leo nikusimulie habari zake kwa upande wa dirisha.

Alizaliwa Mei 12, 1820 katika mji wa Florence, Italia, na wazazi wake Waingereza wakampa jina la mji huo. Walikuwa matajiri. Binti alipotamka kwamba anataka kuuguza wagonjwa, nyumba nzima ilipinga, kwa sababu siku hizo uuguzi haukuwa kazi ya mtu wa heshima. Alisubiri kwa miaka. Mwaka 1851 alipata mafunzo huko Kaiserswerth, Ujerumani, na mwaka 1853 akapewa kusimamia nyumba ndogo ya wagonjwa mjini London.

Mwaka uliofuata Uingereza ilikuwa vitani dhidi ya Urusi huko Crimea. Novemba 1854 Nightingale alifika Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, akiwa na wauguzi 38. Hospitali yao ilikuwa kambi kubwa ya askari. Walisugua sakafu, wakafua mashuka, wakapika chakula chepesi kwa wagonjwa. Hata hivyo askari waliendelea kufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara na homa. Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa walifariki kama 42.

Machi mwaka huo serikali ilituma wakaguzi wa afya, daktari na mhandisi miongoni mwao. Waligundua kwamba jengo limekaa juu ya mifereji ya maji taka iliyoziba. Upepo ulipovuma, hewa ya mifereji hiyo ilipanda kwenye mabomba ya vyoo na kuingia ukumbini na wodini. Matundu yaliyokusudiwa kutoa uchafu yalikuwa yanaingiza hewa chafu, na madirisha hayakutosha kuitoa. Wakaguzi wakasafisha mifereji, wakaondoa mizoga iliyokuwa karibu na maji, wakapaka kuta chokaa, wakafungua njia za hewa. Kufikia Juni, vifo vilishuka hadi kama 2 katika kila wagonjwa 100.

Mwanzoni Nightingale aliamini kwamba askari wale walikufa kwa njaa na uchovu. Aliporudi Uingereza mwaka 1856 alikaa na wataalamu wa takwimu wakachambua hesabu za vifo, naye akakubali kwamba jengo lenyewe lilikuwa limechangia sana kuua. Afya yake ilikuwa imeharibika, na kwa miaka mingi alifanya kazi akiwa kitandani. Kutoka hapo aliandika kitabu chake cha uuguzi kwa ajili ya watu wa kawaida majumbani, na sura ya kwanza akaiweka ya hewa. Humo anamtaka msomaji asiridhike kuona dirisha liko wazi, bali aulize hewa inayoingia imetoka wapi: nje kweli, au kwenye ukumbi usiopitisha hewa, jikoni, kwenye karo au chooni? Alitaka dirisha la nje liwe wazi na mlango wa ndani ufungwe, na bomba la moshi la mekoni lisizibwe, kwa kuwa ndilo lililotoa hewa iliyotumika.

Kama daktari sina budi kusema alipokosea. Aliamini harufu mbaya yenyewe huzaa ugonjwa. Leo tunajua ni vijidudu, na huenda uchafu wa Scutari uliua zaidi kupitia maji na mikono. Lakini ushauri wake wa hewa umebaki sahihi, kwa sababu kifua kikuu na surua huenea zaidi katika chumba kisichopitisha hewa.

Sasa tuje kwako. Chumba kinahitaji matundu mawili: pa kuingilia na pa kutokea, ikiwezekana kwenye kuta zinazotazamana, na la kutokea likiwa juu, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Pa kuingilia pawe mbali na bomba la kupumulia la shimo la choo, jalala, jiko la mkaa na maegesho ya gari. Wataalamu wa majengo hushauri walau mita 3. Feni ya chooni au ya jikoni itoe hewa nje kabisa, si kwenye dari, wala chini ya dirisha la chumba cha kulala. Jenereta likae nje, mita 6 au zaidi kutoka dirisha lolote, kwa kuwa moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata likionekana limezimika. Wavu wa mbu uoshwe, kwani vumbi likijaa hewa haipiti. Pangaboi huzungusha hewa ileile, na viyoyozi vingi vya ukutani pia haviingizi hewa mpya.

Nightingale alianzisha shule ya wauguzi London mwaka 1860. Hospitali ya St Thomas', iliyofunguliwa upya mwaka 1871, ilijengwa kwa mtindo alioutetea: wodi ndefu zenye madirisha pande zote mbili. Alifariki Agosti 13, 1910 akiwa na miaka 90.

Leo jioni, wakati wa kupika, toka nje ukasimame chini ya dirisha la mtoto wako. Vuta pumzi. Ukisikia moshi au choo, ndicho anachovuta usiku kucha. Anza kurekebisha hapo, na akiendelea kukohoa zaidi ya wiki mbili, mlete hospitali.