Mwenye alianzisha Toyota hakuona Corolla

Hapa Lubumbashi, ukisimama kiloko tu kando ya balabala, utaona Toyota moja nyuma ya ingine: teksi, bisi, motokari za nyumbani. Mingi ziko na volani kuume, kwa sababu zinatoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, zinashukia bandari ya Dar es Salaam, zinapita Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa. Lakini hilo jina lilitoka kwa nani? Leo tunawaletea maisha ya Kiichiro Toyoda.

Alizaliwa tarehe 11 Juni 1894. Baba yake, Sakichi, mutoto wa seremala, alijulikana sana kwa mashini za kufuma nguo. Kiichiro alisoma mambo ya mashini kwenye chuo kikuu cha Tokyo, kisha akaingia katika kazi ya baba. Mwaka wa 1929, kampuni Platt Brothers ya Uingereza ilinunua haki ya kutengeneza mashini yao kwa paundi 100.000.

Wakati ule, Ford na General Motors za Marekani zilikuwa zinaunganisha motokari kule Japani. Kiichiro akaona wajapani nao wanaweza. Mwaka wa 1933 alifungua kitengo cha motokari ndani ya kiwanda cha baba. Kamio za kwanza, za 1935, zilikuwa zinakufa-kufa njiani. Hakuacha. Mwaka wa 1936 motokari ya kwanza ya kuuzisha ikatoka, na jina Toyoda likageuzwa Toyota, kwani kwa maandiko yao linaandikwa kwa mistari 8, namba wanayoamini inaleta bahati. Kampuni yenyewe ilizaliwa tarehe 28 Agosti 1937. Yeye njo alileta pia wazo la kwamba kila piesi ifike saa ile tu inahitajika, isirundikwe bure.

Kisha vita. Japani ilishindwa 1945, makuta yakakosekana. Mwaka wa 1949 Toyota ilikuwa karibu kuanguka. Kiichiro alikuwa ameahidi kwamba hakuna mutu atafukuzwa, lakini mabenki yalitaka wafanyakazi wapunguzwe. Mgomo ukaanza Aprili 1950. Watu zaidi ya 1.600 walitoka, na ile iliitwa kuondoka kwa hiari. Siye wa Katanga tunajua uzito wa neno hilo: kuanzia 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka kwa jina hilohilo, départ volontaire.

Tofauti ni hii: kule patroni naye alitoka. Ahadi yake ilivunjika, na Kiichiro akaacha kiti mwezi wa Juni 1950. Mwezi uleule vita ya Korea ikalipuka, jeshi la Marekani likaagiza kamio nyingi, na Toyota ikapona bila yeye.

Mwaka wa 1952 walimuomba arudi, naye akakubali. Lakini tarehe 27 Machi alikufa, na miaka 57.

Corolla, motokari ndogo ya bei ya mutu wa kawaida, ilitoka Novemba 1966, miaka 14 nyuma ya kifo chake. Kufika 2021, Corolla zaidi ya milioni 50 zilikuwa zimeuzishwa duniani. Siku utapanda teksi ya kwenda Kenya ao Katuba, angalia jina kwenye motokari: herufi moja tu njo inalitenganisha na jina la Kiichiro.