Werner Forssmann, mganga aliyeingiza mpira ndani ya moyo wake mwenyewe

Baraka, Fizi. Mtoto mchanga anayechoka haraka akinyonya, asiyeongeza kilo, au ambaye midomo yake inageuka buluu, huenda amezaliwa na kasoro ya moyo. Siku hizi kasoro kadhaa zinatengenezwa bila kupasua kifua: waganga wanapitisha mpira mwembamba katika mshipa wa paja hadi moyoni. Njia hiyo ilifunguliwa na kijana mmoja wa Ujerumani.

Werner Forssmann alizaliwa Berlin mwaka 1904. Baba yake aliuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alikuwa mganga kijana katika hospitali ya Eberswalde, mji mdogo. Wakati ule waganga wengi waliona kugusa moyo wa mtu aliye hai ni kumuua, na mkubwa wake alimkataza kujaribu. Muuguzi Gerda Ditzen, aliyetunza vifaa, akakubali kujaribiwa yeye. Forssmann akamfunga kwenye meza, kisha akajikata mkono wake mwenyewe, akasukuma mpira wa sentimita 65 ndani ya mshipa. Wakashuka pamoja hadi chumba cha radiografi. Picha ikaonyesha ncha ya mpira iko moyoni.

Badala ya sifa alipata dharau. Aliacha mambo ya moyo, akawa mganga wa njia ya mkojo. Mwaka 1932 alijiunga na chama cha Hitler, doa lililobaki katika maisha yake. Vita vya pili vilimwacha mfungwa mikononi mwa Wamarekani.

Huko New York, André Cournand na Dickinson Richards waliendeleza kazi yake, na mwaka 1956 wote watatu walipewa tuzo ya Nobel. Miaka kumi baadaye, William Rashkind wa Philadelphia alitumia mpira wenye kipulizo kupanua tundu ndani ya moyo wa mtoto mchanga, ili damu yenye hewa safi ifike mwilini. Forssmann alikufa mwaka 1979, kwa ugonjwa wa moyo.

Leo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inatibu watoto kwa njia hiyo. Kwa mzazi wa Baraka, hiyo ni kuvuka ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha kukata Tanzania nzima. Lakini safari inaanzia kwenye kituo cha afya cha karibu: mtoto mwenye dalili hizo asikilizwe moyo mapema, kabla nguvu hazijamwishia.