Tingatinga si mtambo tu: Kibarua wa Tunduru aliyeacha jina kwenye picha

Ukitaja tingatinga huku Songwa, Mwadui au kule Geita, wengi wanafikiria mtambo wa kusukuma kifusi. Lakini kuna Tingatinga aliyekuwa mtu, mchoraji, na alichora kwa miaka minne hivi tu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa nchi. Baba Muislamu, mama Mkristo, maisha ya jembe. Shule alisoma miaka michache.

Miaka ya 1950 akafanya wanachofanya vijana wengi wanaokimbilia migodi yetu: akaaga kijijini, akaenda kutafuta kibarua. Alianzia kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaingia Dar es Salaam, akawa mfanyakazi wa ndani kwa Mzungu wa serikali ya kikoloni.

Uhuru ulipokuja bosi akaondoka, kazi ikaota mbawa. Jamaa akauza matunda na mboga, akapiga muziki, ilimradi mkono uende kinywani.

Mwaka 1968 ndipo akashika brashi. Chuo cha sanaa hakupita. Akachukua vipande vya bodi za dari na rangi ya kupakia baiskeli, akaanza.

Alichora nini? Chui, tembo, ndege, mibuyu, watu wa kijijini. Mara nyingi ni mnyama mmoja mkubwa amejaa bodi nzima. Anaishi Msasani, mjini kabisa, lakini mkono unachora pori na kijiji.

Watafiti wengine wanahusisha kazi zake na desturi ya watu wa kusini ya kuchora kuta za nyumba. Hilo si geni Usukumani: Bayeye, wacheza na nyoka, nao walichora kuta za nyumba walimofundishana mambo yao.

Picha ziliuzwa chini ya mbuyu karibu na Morogoro Stores, Oysterbay, na wanunuzi wengi walikuwa Wazungu. Soko lilipochangamka hakula peke yake. Aliwaita ndugu na vijana wa kwao, akina Simon Mpata, Kasper Tedo na Ajaba Mtalia, akawafundisha. Yaani kijiji alichokiacha kikamfuata mjini.

Halafu ikaja 1972. Polisi walifyatulia risasi gari alilokuwamo, wakidhani wanafukuza wezi. Akafa akiwa na miaka 40 hivi, ameacha mjane na watoto wadogo.

Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora na kufundishana, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika.

Leo picha za tingatinga zinauzwa Dar, Zanzibar hadi Nairobi, nyingi zikiwa na saini za watu wasiowahi kumwona. Mtalii anabeba moja kwenda kwao, na hata Watanzania wengi hawajui kwamba jina hilo ni la ukoo wa kibarua aliyetoka Tunduru.