Froebel: Mzee wa Vipande Nane vya Mbao

Ukisoma elimu ya awali hapa chuoni, swali utakalokutana nalo kantini ni moja tu: kweli mtu anahitaji miaka mitatu ya chuo kikuu ili akaimbishe watoto? Nimeulizwa hivyo tangu mwaka wa kwanza, na mwanzoni nilikuwa nacheka na wenzangu. Siku hizi sicheki. Aliyenibadilisha ni mzee mmoja Mjerumani aliyefariki mwaka 1852, ambaye jina lake huwa tunalikariri kwa ajili ya mtihani, tukitoka ukumbini tumeshalisahau. Anaitwa Friedrich Froebel. Ndiye aliyeanzisha hii kitu tunayoiita chekechea.

Froebel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweißbach, kwenye misitu ya Thuringia. Enzi hizo Ujerumani haikuwa nchi moja, ilikuwa vinchi vingi vya watawala wadogo wadogo. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri, mkali na mwenye shughuli nyingi. Mama yake alifariki Friedrich akiwa na miezi tisa tu. Baba akaoa tena, na mama wa kambo alipopata mtoto wake mwenyewe, yule mdogo akabaki kama mgeni kwenye nyumba yao. Alishinda peke yake bustanini akiangalia maua, majani na mawe. Wengi walimwona mtoto mzito wa kichwa.

Aliyemwokoa ni mjomba. Alipofika miaka kumi, mjomba wake upande wa mama alimchukua akaishi naye katika mji wa Stadtilm. Kule alipendwa, na kwa mara ya kwanza akapata wenzake wa kucheza nao. Sisi tunaosema mjomba ni mama tutaelewa haraka. Mimi naamini kila alichokuja kufanya ukubwani kilitoka hapo: alijua mtoto asiyechezeshwa anavyokuwa, na alijua anavyobadilika akichezeshwa.

Alipofika miaka 15 alipelekwa kwa ofisa wa misitu kujifunza kazi. Mwaka 1799 akaingia Chuo Kikuu cha Jena. Sasa hapa wanachuo wenzangu tusikilizane: jamaa alifulia. Bumu halikuwepo, madeni yakamzidi, na akawekwa ndani wiki tisa katika gereza la chuo. Ndiyo, siku hizo chuo kilikuwa na gereza lake. Baba yake alikubali kulipa kwa sharti kwamba kijana asije kudai tena urithi. Akaondoka Jena bila shahada. Baada ya hapo akahangaika huku na huku, mara karani, mara mpima ardhi, bila kujua hasa anataka nini.

Mwaka 1805 alikwenda Frankfurt akitaka kuwa mchora ramani za majengo. Kule akakutana na mkuu wa shule mmoja, Anton Gruner, aliyemwambia aache majengo ajaribu ualimu. Alipoingia darasani siku ya kwanza, akajua amefika. Gruner alikuwa mfuasi wa Johann Heinrich Pestalozzi, yule Mswisi aliyefundisha kwamba mtoto aanze na kitu chenyewe, akione na kukishika, ndipo apewe jina lake. Froebel akaenda kwa Pestalozzi mjini Yverdon, na kuanzia 1808 hadi 1810 akaishi huko pamoja na wavulana watatu aliokuwa akiwafundisha. Alijifunza mengi, lakini aliona kuna kitu kimepungua: vitu vilikuwepo, ila mpangilio wa kuviunganisha haukuwepo.

Mpangilio huo aliuona mahali usipotegemea, kwenye mawe. Akiwa Berlin alisoma elimu ya madini chini ya Profesa Christian Samuel Weiss, akajifunza jinsi fuwele zinavyojijenga kwa kanuni kutoka umbo rahisi hadi umbo gumu. Mwaka 1813 aliacha masomo akajiunga na jeshi la kujitolea dhidi ya Napoleon, na jeshini akapata marafiki wawili wa maisha, Middendorff na Langethal. Vita ilipotulia, akapata kazi ya kutunza madini katika makumbusho ya chuo. Kazi nzuri, yenye heshima. Lakini kaka yake alikuwa amefariki wakati wa vita na kuacha watoto, na mwaka 1816 Froebel aliacha kazi hiyo akaenda kuwafundisha. Shule yake ilianza na wapwa wanne, watano hivi, watoto wa kaka zake. Mwaka uliofuata ikahamia kijiji cha Keilhau, na wale marafiki wa jeshini wakaja kufundisha naye. Mwaka 1818 akamwoa Henriette Wilhelmine Hoffmeister, na mwaka 1826 akatoa kitabu chake kikubwa kuhusu malezi ya binadamu.

Halafu wakubwa wakaanza kuitilia shaka shule, eti inafuga wapinga serikali. Wazazi wakaogopa, wanafunzi wakapungua. Mwaka 1831 akaenda Uswisi, na huko Burgdorf akasimamia kituo cha yatima. Hapo ndipo alipoona kwamba mtoto anapofika shule ya msingi, miaka muhimu kuliko yote imeshapita na hakuna aliyeishughulikia. Kwa hiyo mwaka 1837, akiwa na miaka 55, umri ambao kwetu watu wanahesabu siku za kustaafu, alifungua kituo cha watoto wadogo mjini Bad Blankenburg. Mwaka 1840 akakipa jina la Kindergarten, maana yake bustani ya watoto. Na kweli palikuwa na bustani: kila mtoto alikuwa na kitalu chake kidogo, na vitalu vingine vilikuwa vya wote kwa pamoja.

Sasa twende kwenye vifaa, maana hapa ndipo penyewe. Froebel alitengeneza vifaa alivyoviita zawadi, na vinafuatana. Zawadi ya kwanza ni mipira sita laini ya nyuzi za sufu, kila mmoja rangi yake. Ya pili ni tufe, mcheduara na mchemraba wa mbao. Ukiufunga mchemraba kwa kamba na kuuzungusha kwa kasi, macho yanaona mcheduara, na mtoto anashtuka. Ya tatu ni mchemraba uliokatwa vipande nane vilivyo sawa. Ya nne ni mchemraba uleule, ila umekatwa vibapa nane kama matofali. Baada ya hapo zinaendelea kuwa ngumu zaidi. Pembeni yake kuna kazi za mikono: kukunja karatasi, kusuka vipande vya karatasi kama mtu asukavyo mkeka, kushona, kufinyanga udongo.

Kwa vile vipande nane mtoto anajenga kiti, nyumba, daraja. Anapanga mapambo kama nyota. Na anaigawa nzima kuwa nusu mbili, robo nne na sehemu nane, sehemu zote akiwa amezishika mkononi. Masharti yalikuwa mawili: tumia vipande vyote, na usibomoe ovyo, hamisha kipande kimoja kimoja hadi kiti kigeuke kuwa daraja. Ukifikiria vizuri utaona mtoto hapo anapanga, anakadiria na anarekebisha. Anafikiri, ila anafikiri kwa vidole.

Nilijaribu mwenyewe nilipokuwa mazoezini. Nilipangiwa darasa la watoto zaidi ya sitini wa miaka mitano, na kazi ya kila siku ilikuwa kunakili a, e, i, o, u kutoka ubaoni. Nikaenda kwa fundi seremala, akanikatia mabaki ya mbao kwa bei ya chakula cha mchana. Wiki ile watoto walijenga, wakagawana, wakabishana kuhusu nusu ya nani ni kubwa. Ijumaa akaja mzazi mmoja, akafungua daftari la mwanawe, halina kitu. Alikasirika, na simlaumu. Amelipa hela, anataka kuona vema. Jumatatu nikaelekezwa kurudi ubaoni. Nikarudi. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikumwita yule mama akae chini, mwanawe amwonyeshe robo ni nini.

Froebel naye alikwama, tena vibaya zaidi. Henriette alifariki mwaka 1839. Kuanzia 1849 alikuwa Bad Liebenstein akiwafunza wasichana kuwa walimu wa chekechea, wakati ambapo mwanamke hakuwa na kazi nyingi za kusomea, na mwaka 1851 akamwoa mmoja wa wanafunzi wake, Luise Levin. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, serikali ya Prussia ikapiga marufuku chekechea zote, ikisema zinaeneza ukana Mungu na ujamaa. Walimchanganya na mpwa wake Karl Froebel, aliyekuwa na siasa zake. Mzee alieleza, hakusikilizwa. Alifariki tarehe 21 Juni 1852, marufuku ikiwa bado ipo. Iliondolewa mwaka 1860. Wakati huo wanafunzi wake walikuwa wameshaipeleka kazi nje. Margarethe Schurz, kwa mfano, alikuwa amefungua chekechea Watertown, Marekani, mwaka 1856.

Tusimfanye malaika. Maandishi yake ni mazito na yamejaa mafumbo, na baadhi ya wafuasi wake waligeuza zile zawadi kuwa gwaride: watoto wote inua kipande, watoto wote weka kipande. Hapo mbao haina tofauti na ubao. Kifaa hakimfundishi mtoto kama mwalimu hamwachii mikono yake.

Juu ya kaburi lake kule Schweina kuna mchemraba wa jiwe, juu yake mcheduara, na juu kabisa tufe. Ni zawadi ya pili.

Wenzangu tunaokwenda mazoezini mwaka huu, pitieni kwa seremala kabla hamjapanda basi. Vipande nane kwa kila kikundi vinatosha kuanzia. Halafu siku ya kwanza kabisa, kabla daftari halijafunguliwa, waiteni wazazi wakae kwenye vile viti vidogo na wapeni wao kwanza wajenge.