Gaston Julia: Aliona kwa Akili Kisichoonekana kwa Macho



Anayetembea katika msitu wa Magamba, juu ya mji wetu wa Lushoto, hukutana na makangaga kila penye unyevunyevu. Chukua jani moja ulitazame kwa utulivu. Kila kijitawi chake kinafanana na jani zima lililopunguzwa, na vijani vya kijitawi hicho navyo vinafanana nacho. Umbo la namna hii wanahisabati huliita fraktali. Leo tunawasimulia maisha ya mmoja wa watu waliotufungulia mlango wa maumbo hayo.

Gaston Julia alizaliwa tarehe 3 Februari 1893 huko Sidi Bel Abbès, Algeria, katika bara letu la Afrika, nchi hiyo ilipokuwa chini ya Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa mashine za kilimo. Mwaka 1911 kijana huyu alishika nafasi ya kwanza katika mitihani ya kuingia vyuo viwili vikubwa vya Paris, akachagua École Normale Supérieure.

Kisha ikaja vita. Tarehe 25 Januari 1915, huko Chemin des Dames, risasi ilimpiga usoni. Hakukubali kuondolewa mpaka shambulio la adui liliporudishwa nyuma. Alipoteza pua. Alipasuliwa mara nyingi bila mafanikio, na tangu hapo akavaa kipande cha ngozi usoni maisha yake yote. Mwaka 1918 alimwoa Marianne Chausson, mmoja wa wauguzi waliomhudumia, wakajaliwa watoto sita wa kiume.

Hata akiwa mgonjwa hakuacha kazi. Alijiuliza: tukizidisha namba kwa yenyewe, tukaongeza namba fulani isiyobadilika, kisha tukarudia hivyo kwa kila jibu, mwisho wake ni nini? Tuanze bila kuongeza kitu. 2 huwa 4, kisha 16, kisha 256, bila kikomo. Lakini nusu huwa robo, nayo huzidi kupungua. Kuna namba zinazokimbia na namba zinazobaki karibu. Mpaka kati ya makundi hayo mawili, pale tunapoongeza ile namba isiyobadilika, huweza kuwa na umbo la ajabu, lenye mikunjo ndani ya mikunjo. Julia aliyaeleza hayo mwaka 1918 katika andiko la kurasa 199, akapewa tuzo kubwa na Akademia ya Sayansi ya Ufaransa. Alikuwa na miaka 25, umri wa baadhi yetu tunaosoma falsafa.

Hatumsimulii kama mtakatifu. Mwenzake Pierre Fatou alifikia mambo yale yale wakati ule ule, na Julia alidai kwa ukali kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Akademia ilimpa haki Julia. Leo wanahisabati huwataja wote wawili.

Baadaye kazi yao ikasahaulika kwa miaka mingi. Julia alifariki tarehe 19 Machi 1978, kabla picha za maumbo yake hazijasambaa duniani. Aliyezisambaza kwa kompyuta ni Benoît Mandelbrot, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake.

Namba za Julia zina sehemu mbili, ndiyo maana maumbo yake yanakaa kwenye karatasi. Lakini tangu mwaka 1843 William Rowan Hamilton wa Ireland alikuwa amegundua namba zenye sehemu nne. Mwaka 1982 Alan Norton, wa kampuni ya IBM, alizitumia kuchora maumbo ya Julia yenye vipimo vinne. Macho yetu yanajua urefu, upana na kimo tu. Kwa hiyo mchoraji hulikata umbo kama tukatavyo papai, akatuonyesha kipande kimoja. Akisogeza kisu, kipande kingine hutokea, lakini papai ni lile lile.

Hapo ndipo tunapojifunza. Katika falsafa tunafundishwa kwamba akili hufika mahali ambapo hisi haziwezi kufika. Julia, mwenye uso uliovunjika, alilithibitisha hilo kwa kalamu na karatasi. Nasi tunaoamini tunajua kwamba tunachokiona sasa ni kipande tu. Tusikate tamaa, basi, kama hatuoni matunda ya masomo yetu, au ya katekesi tunayowafundisha watoto kigangoni. Huenda mwingine atayaona tukiwa tumeshalala.