Beryl Markham: Rubani aliyeishi kwa kutunza miguu ya farasi

JINA la Beryl Markham likitajwa, wengi hukumbuka ndege. Septemba 1936 alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini bila kutua njiani. Hata hivyo, urubani ulichukua miaka michache tu ya maisha yake. Kazi iliyomlisha tangu ujana hadi uzeeni jijini Nairobi ilikuwa kufundisha farasi wa mashindano, na anayeifanya kazi hiyo hushinda akitazama miguu.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1902 na kuletwa nchini angali mtoto mdogo. Baba yake, Charles Clutterbuck, alifuga farasi Njoro, karibu na Nakuru. Mama yake hakuyaweza maisha ya huku, akarudi kwao. Msichana huyo alilelewa baina ya mazizi ya baba na watoto wa jirani, na mmoja wao, aliyekuja kujulikana kwa jina la arap Ruta, alifanya kazi naye kwa miaka mingi. Shamba lilipofilisika baba akaondoka kwenda Peru. Beryl alibaki, akachukua leseni ya mkufunzi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Hakuna mwanamke aliyekuwa ameipata leseni hiyo nchini kabla yake.

Jaribio lililomjengea jina lilimjia na farasi jike aitwaye Wise Child. Alikuwa mwepesi na mwenye damu nzuri, lakini kano za miguu yake zilikuwa zimeharibika kwa kufanyishwa mazoezi makali kabla ya wakati. Majuma yaliyobaki kabla ya mashindano ya St Leger hayakutosha kumponya. Kwa mkufunzi kijana aliyeishi kwa ada za wenye farasi, kushindwa kungemfungia mlango. Na kwa farasi, kano ikikatika katikati ya mbio, mara nyingi mwisho wake ni risasi.

Ni vyema kufahamu ugumu wa jeraha hilo. Chini ya goti la mbele farasi hana misuli. Ana mfupa, ngozi na kano, na kano hizo hubeba uzito wa karibu kilo 500 kila anapokita mguu katika mbio. Damu huifikia kano kwa uchache, kwa hiyo ikichanika huunga polepole, pengine mwaka mzima au zaidi, na kovu linaloziba pengo halina mnyumbuko wa kano ya asili. Ndiyo maana farasi aliyeumia hapo mara moja huumia tena kwa urahisi.

Dawa za enzi hizo zilikuwa chache: maji baridi ya kutuliza uvimbe, bendeji, kukanda kwa mikono, mwendo wa taratibu. Wengine, Ulaya na kwingineko, walichoma ngozi ya mguu kwa chuma cha moto wakiamini kwamba kidonda kipya kitavuta damu, desturi ambayo madaktari wengi wa mifugo leo huilaani. Beryl na wasaisi wake walimtunza Wise Child kwa subira, wakimpa mazoezi kwa kipimo. Mwaka 1926, katika kiwanja cha zamani cha Nairobi kilichokuwa mashariki ya katikati ya mji, farasi huyo alishinda St Leger. Miongoni mwa walioshindwa alikuwa Wrack, farasi ambaye Beryl mwenyewe alikuwa amemtayarisha kabla mwenye mali kumhamishia kwa mkufunzi mwingine.

Ushindi haufuti swali la iwapo mnyama mwenye miguu ile alistahili kukimbizwa. Swali hilo lingali hai katika mazizi ya leo, ijapokuwa vifaa vimebadilika. Sasa kuna taa na leza za infraredi, miale isiyoonekana kwa macho iliyogunduliwa na William Herschel mwaka 1800. Baadhi ya mazizi ya Ulaya na Marekani huwaweka farasi chini ya taa hizo ili kupasha misuli moto kabla ya mazoezi, kwa nia ya kuzuia majeraha. Leza nazo huelekezwa kwenye kano iliyoumia ili kuchochea chembechembe za mwili zijitengeneze.

Tiba hiyo ina mantiki, kwa kuwa kano za mguu wa mbele ziko karibu na ngozi na miale haihitaji kupenya mbali. Lakini manyoya na ngozi nyeusi humeza sehemu ya mwanga huo, na ushahidi wa kitaalamu bado ni haba. Jeraha bichi huhitaji baridi kwanza, si joto. Zaidi ya hayo, farasi aliyepunguziwa maumivu huweza kuonekana amepona ilhali kano yake ingali dhaifu, na mwenye pupa akamrudisha uwanjani.

Urubani ulimchukua Beryl kuanzia mwaka 1931. Alisafirisha barua na abiria, akatafuta ndovu kutoka angani kwa ajili ya wawindaji, kisha akafanya ile safari ya Atlantiki iliyoishia katika kinamasi cha Nova Scotia baada ya saa 21 hivi. Aliishi Marekani kwa miaka kadhaa, na mwaka 1942 akachapisha kitabu cha kumbukumbu zake ambacho hakikudumu sokoni.

Aliporejea Kenya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, aliwarudia farasi. Kiwanja kipya kilifunguliwa Ngong Road, magharibi mwa jiji, mwaka 1954, na katika miaka iliyofuata hakuna mkufunzi nchini aliyemshinda kwa mafanikio. Farasi wake walinyakua Derby ya Kenya mara kadhaa. Alihamia kusini mwa Afrika katikati ya miaka ya 1960, akarudi baadaye na kuendelea na kazi.

Uzee ulimkuta hana mali, akiishi katika nyumba ndogo kando ya kiwanja cha Ngong Road. Kitabu chake kilipochapishwa upya Marekani mwaka 1983 kilisomwa sana na kumpatia riziki. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 83.