Tuhukumu Jani, Si Utepe: Funzo Kutoka kwa Mark Twain

Wahenga walituachia methali kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumeifundisha darasani miaka nenda miaka rudi bila kuitilia shaka. Hata hivyo, upo mkasa mmoja katika maisha ya mwandishi Mmarekani, Mark Twain, unaotulazimu kuidadisi upya, na mkasa wenyewe wahusu tumbaku.

Mwandishi huyu alizaliwa tarehe 30 Novemba 1835 katika kijiji cha Florida, jimbo la Missouri, akapewa jina la Samuel Langhorne Clemens. Alilelewa Hannibal, mji mdogo ulio kando ya mto Mississippi. Baba yake alifariki mwaka wa 1847, na haukupita muda mrefu kijana akaacha masomo na kuwa mwanagenzi katika kazi ya uchapaji. Baadaye alijifunza urubani wa meli za mvuke na kupata leseni mwaka wa 1859, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka mwaka wa 1861 vikakatiza safari za mtoni. Akaelekea magharibi hadi Nevada, na huko, mwaka wa 1863, akaanza kutia saini ya Mark Twain katika makala yake ya gazeti. Jina hilo ni istilahi ya mabaharia wa mto ule. Lamaanisha kina cha pima mbili, yaani maji yatoshayo chombo kupita salama. Basi mtu huyu alijua mapema kwamba jina ni kitu cha kubandikwa.

Twain alianza kuvuta tumbaku tangu utotoni, na alichokipenda mno ni biri. Sizungumzii sigara nyembamba za karatasi, bali ile nene inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku. Biri ya thamani huwa na sehemu tatu: majani ya ndani ya kujazia, jani la kuyafunga, na jani la nje la kufunika, ambalo huchaguliwa kwa ulaini na sura yake. Wajuzi huipima kwa mambo yanayoonekana na kuonjwa. Je, majani ya ndani yana urefu wa biri nzima au ni vipande vipande? Je, imesokotwa ikashikana sawasawa, bila uvimbe wala ulegevu? Moshi wapita kwa wepesi? Moto wala pande zote sawa? Jivu lashikamana au lapukutika? Ladha yabadilika taratibu, au yachoma ulimi tu? Juu ya hayo yote huvishwa utepe wa karatasi wenye rangi na jina la mtengenezaji. Utepe huo hauongezi lolote katika moshi.

Mwaka wa 1870 Twain alimwoa Olivia Langdon, na mwaka wa 1874 wakahamia katika nyumba kubwa mjini Hartford, Connecticut, jimbo ambalo bonde lake la mto lasifika kwa jani la kufunikia biri. Pamoja na kukaa karibu na jani hilo jema, Twain alipendelea biri za bei rahisi, na marafiki zake walizijua na kuziogopa.

Katika insha aliyoiandika yapata mwaka wa 1893, na ambayo ilichapishwa baada ya kifo chake, alisimulia jinsi alivyowajaribu. Alichukua biri za gharama kubwa kutoka nyumbani kwa rafiki yake tajiri, akazivua tepe zake nyekundu na za dhahabu, akazipanga katika kisanduku chenye jina la biri zake mbovu. Kisha akawaalika marafiki kwa chakula cha jioni, akiwemo tajiri yule. Baada ya kula, kila mmoja alipokea biri kwa shingo upande, akaiwasha na kuhangaika nayo kimyakimya. Muda si muda wageni wakatoa visingizio, wakaondoka. Asubuhi Twain alizikuta biri zile zimetupwa njiani, baina ya mlango na lango. Moja tu haikuwa huko. Hiyo ilikuwa imeachwa sahanini mwa tajiri, ambaye baada ya pumzi moja mbili alikuwa ameikataa biri yake mwenyewe!

Hapo chema hakikujiuza, kwa kuwa kilikuwa kimevikwa jina la kibaya. Kutokana na mkasa huo Twain alishikilia kuwa hakuna kipimo cha tumbaku nzuri isipokuwa mapendeleo ya mtu binafsi. Hapo naachana naye. Vipimo vipo, nami nimevitaja. Kosa la wageni wale ni kutovitumia. Walikuwa wamekwisha kutoa hukumu kabla ya kiberiti kuwashwa.

Twain mwenyewe alihukumiwa hivyo. Kitabu chake kuhusu kijana Huckleberry Finn kilipotoka Marekani mwaka wa 1885, maktaba ya umma ya Concord, Massachusetts, ilikiondoa, na lugha ya mitaani ya msimulizi ilikuwa miongoni mwa sababu. Lugha hiyo ilikuwa imebandikwa jina la lugha mbovu, ingawa ndiyo iliyokipa kitabu uhai. Mwaka wa 1907 Chuo Kikuu cha Oxford kikamtunuku shahada ya heshima. Maneno ya kitabu hayakuwa yamebadilika hata moja.

Hata hivyo, aliyefichua upofu wa wenzake hakuuona wake. Mwaka wa 1885 alisimamia uchapishaji wa kumbukumbu za Rais wa zamani Ulysses Grant, mpenzi mkubwa wa biri, ambaye aliziandika huku saratani ya koo ikimmaliza. Grant alifariki tarehe 23 Julai mwaka huo. Twain aliendelea kuvuta. Mwaka wa 1909 maradhi ya moyo yalimshika, na tarehe 21 Aprili 1910 akaaga dunia. Raha nayo ni utepe, na tumbaku iliyo chini yake huua, iwe ya bei ghali au rahisi.

Walimu wenzangu, nami sina budi kuungama. Zamani nilipokuwa nikisahihisha insha, macho yangu yalitangulia kwenye jina. Mwanafunzi niliyemjua kuwa hodari nilimsamehe kosa ambalo mwenzake nilimpigia mstari mwekundu. Mtihani wa kitaifa hutumia nambari ya mtahiniwa badala ya jina, na busara hiyo yafaa pia katika mazoezi yetu ya kila wiki. Siku hizi mimi hukunja pembe ya karatasi yenye jina kabla ya kusoma neno la kwanza. Nanyi wanafunzi, mkipewa kitabu cha mwandishi asiyejulikana au shairi la lahaja msiyoizoea, lisomeni hadi mwisho kabla ya kulitupa njiani.